Veste nilienda nayo ku entretien

Batu ya Butembo, munisaidie mawazo.

Nilikuwa na entretien, kuulizwa maulizo ya kazi. Ku bureau ile banapenda veste, koti ya heshima, donc nilinunua moja ya bleu ku tombola, pale banauzisha nguo za kuvaliwa.

Chef, mukubwa wa bureau, hakuangalia hata CV. Macho ku veste tu.

"Onyesha mukono."

Akashika kifungo kimoja chekundu.

"Hii muke wangu alishona. Tuliacha veste Beni siku tulikimbia vita. Mu mufuko ulikuta picha ya mutoto wetu? Tulikuwa na ile moja tu."

Niliogopa atasema miye njo niliiba kwake.

"Hapana, papa."

Kazi amenipa. Naanza lundi, Jumatatu.

Picha niliikuta mu mufuko siku nilinunua veste; iko hapa mukononi. Mutoto anacheka.

Semeni, lundi nitaanzia wapi kumuambia?