Niliponda albamu ya mwenye nyumba wangu Minneapolis kabla sijageuza kaseti

Wakuu, salaam zenu.

Juzi kwenye uzi wa muziki wa zamani kuna mtu aliuliza kama yupo humu aliyewahi kumharibia msanii kwa mdomo wake. Nikasoma, nikapita kimya. Leo nimeona niseme. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyonikuta.

Ni katikati ya miaka ya tisini. Shule niliishia kidato cha pili, na nilifikaje Marekani tuache tu. Asubuhi moja, nikiwa Kansas City, niliamka nikaona mji umenichosha. Sina ugomvi na mtu, sina safari. Nikatia nguo kwenye begi, nikaenda stendi, nikamuuliza dada wa tiketi ni basi gani linaondoka mwanzo. Akasema la Minneapolis. Nikapanda.

Ndivyo nilivyokuwa. Nikisikia jina la mji nisioujua, miguu inawasha.

Nilishuka Novemba, baridi inakata masikio. Kwenye duka la kahawa karibu na chuo kikuu nikakuta karatasi ubaoni: chumba kinapangishwa, nyumba ya wanamuziki.

Mwenye nyumba aliitwa Dale. Mzungu mrefu, mpole, miaka thelathini na kitu. Alikuwa muimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya rock iliyojulikana sana pale mjini. Albamu zao mbili za kwanza zilikuwa kelele tupu, na watu waliwapendea kelele hizo.

Alinionyesha chumba, hakuzungusha maneno. "Kilikuwa cha Kenny, mpiga drams wetu. Gari lake liliteleza kwenye barafu mwaka jana, akafa. Kama itakusumbua, sema sasa."

Nikasema haitanisumbua. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kitanda.

Nikapata boksi, kibarua cha kuosha vyombo kwenye mgahawa. Maisha yakaenda.

Kuna kitu kimoja kilikuwa kinanikera pale nyumbani. Kila asubuhi, akisubiri kahawa ichemke, Dale aligonga meza ya jikoni kwa vidole viwili. Taka-ta, taka-ta, anaacha, anaanza tena. Mdundo uleule kila siku. Sikuwahi kumuuliza ni nini.

Majira yale ya baridi wakarekodi albamu ya tatu, hukohuko chini kwenye basement. Hawakutafuta mpiga drams mwingine. Ikatoka albamu ya taratibu, ya kuwaza, nyimbo nyingine gitaa moja na sauti tu.

Dale aliniambia wazi kuwa kampuni iliyokuwa inawatolea kazi imeshasema hii ikikataliwa, basi, mkataba umekufa. Na pale mjini kukubaliwa au kukataliwa kulianzia kwenye gazeti moja la bure la kila wiki. Vijana wote walilisoma. Likikusifu, ukumbi unajaa.

Akanipa kaseti kabla haijatoka. "Wewe muziki wetu huujui. Nataka masikio yasiyonihurumia."

Nikaisikilizia kazini, kwenye redio ya mpishi, maji yanamwagika, masufuria yanagongana. Nikasikiliza upande wa kwanza. Wa pili sikuugeuza.

Hapa vijana mnielewe. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua wimbo una sehemu mbili. Unaanza polepole, muimbaji anatoa maneno yake, watu wamekaa na vinywaji vyao. Halafu linakuja chemko, magitaa yanashika, meza zote zinabaki tupu. Mimi nilisubiri chemko. Kila wimbo nilisubiri. Halikuja.

Siku chache baadaye mwandishi wa lile gazeti akaja kumhoji Dale. Katikati ya mahojiano Dale akaitwa kwenye simu. Yule bwana akanigeukia, kalamu mkononi. "Wewe unaishi humu. Unaisikiaje?"

Wakuu, mimi wa kidato cha pili, mtu wa gazeti ananiuliza maoni! Kichwa kikavimba. Nikakohoa kidogo, nikamwambia: "Kwetu wimbo una sehemu mbili, ya kukaa na ya kuinuka. Hawa wametoa ya kukaa peke yake. Albamu inaisha kabla haijaanza."

Akacheka sana. Akaandika.

Gazeti lilipotoka, maneno yangu ndiyo yaliyofungua review. Mpangaji wao kutoka Afrika Mashariki ameshasema yote, aliandika. Gazeti jingine la Saint Paul, mji wa jirani, likayarudia. Mwandishi mmoja tu aliwatetea. Alisema ni albamu ya kusikilizwa umekaa chini, umefunga mlango. Hakuna aliyemjali.

Kwenye uzinduzi ukumbi ulijaa nusu. Dale akiwa katikati ya wimbo, mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Sehemu ya pili!" Watu wakaangua kicheko. Mimi niliyekuja kuwasaidia kubeba vyombo niko ukutani nimeshika nyaya. Dale akaumaliza wimbo wake, akashukuru, akashuka.

Nilikuwa na rafiki Mkenya, Mwangi, anafanya kazi nyumba ya wazee. Nikamweleza nikitegemea anitetee.

"Buda, umechoma, umeharibu kabisa," akasema. "Unalala kwa bed ya marehemu, alafu unaambia gazeti matanga haina disco?"

"Mimi nilisema ukweli niliousikia."

"Ulisikia nini na wewe? Ulikuwa unaosha sufuria!"

Kesho yake asubuhi Dale alinikuta jikoni. Hakufoka. Bora angefoka.

"Ulisema vile?"

"Nilisema."

"Upande wa pili uliusikiliza?"

Dale akatikisa kichwa taratibu, akanimiminia kahawa, akakaa. Siku ile hakugonga meza. Wala iliyofuata. Tulikuwa tunakunywa kahawa tunasikia friji tu.

Haukupita mwezi, kampuni ikawaacha. Bendi ikavunjika bila ugomvi, kila mtu kivyake. Dale akapata kazi ghalani Shakopee, nje ya mji, anatoka alfajiri na chakula chake kwenye mfuko. Hakunifukuza. Nafikiri hilo ndilo lililonishinda.

Asubuhi moja akiwa kazini nikaweka ufunguo juu ya ile meza, nikabeba begi. Sikuandika hata mstari mmoja wa kuaga. Pale stendi basi la kwanza lilikuwa la Duluth, juu kaskazini kwenye ziwa.

Nikapata chumba kwa bibi mmoja mjane. Aliniuliza mawili tu, kama navuta sigara na kama nakunywa. Chumbani kulikuwa na kitanda, dirisha linaloangalia barafu, na redio kaseti ya mtoto wake aliyehama.

Nilikaa kitandani na koti langu. Nikafunga mlango. Nikaigeuza ile kaseti.

Wimbo wa mwisho hauna maneno. Gitaa linasikika kwa mbali. Halafu chini yake, taratibu, vidole viwili kwenye meza. Taka-ta, taka-ta, vinaacha, vinaanza tena. Ilikuwa meza ileile ya jikoni, nilitambua hadi ule ubao wake uliolegea. Ndipo nikaelewa: ulikuwa mdundo wa Kenny, ndiyo maana hawakutafuta mpiga drams mwingine. Haupandi, hauchangamki, unaendelea tu mpaka kaseti inakatika.

Bibi aligonga mlango kuuliza kama nitakula. Nikarudisha kaseti nyuma, nikausikiliza tena.

Niliandika barua kwa lile gazeti, haikutoka. Nilipiga simu nyumbani kwa Dale baada ya miezi, namba ilikuwa imekatwa.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikipata nimeshachelewa: mtu akikupa kazi yake uiseme, kaa chini uimalize kwanza. Nilijiona msema kweli, kumbe nilisema nusu ya kaseti.

Aliyewahi kuponda kitu cha mtu nusunusu aje hapa tulie pamoja. Wa kunitukana pia karibuni, sitajibu. Na kama kuna mkuu yuko jimbo hilo la Minnesota, akaona mzungu mrefu, mzee sasa, anagonga meza kwa vidole viwili akisubiri kahawa, amwambie upande wa pili nimeusikia.