Utomvu wa Papai na Vidole vya Mama

Nilipomwomba mama anigemee utomvu wa papai, sikulifikiria sana jambo hilo. Mie nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ndogo Chang'ombe, juu ya gereji ya malori, na yeye alikuwa na mipapai kumi na kitu nyuma ya nyumba yake Kimbiji. Mapapai ya sokoni hayakutufaa. Utomvu hugemwa asubuhi, tunda likiwa bado bichi na liko mtini. Unalichanja kwa wembe, maziwa meupe yanadondokea kikombeni.

Ndani ya maziwa hayo mna protini inayolainisha nyama, ile ile inayofanya watu waifunge nyama ngumu kwa majani ya mpapai kabla ya kuipika. Dokta, mkuu wangu wa kazi, mwanamke mmoja wa Mbeya, alitaka kuitenga na kuisafisha kwa kitambaa cha nyuzi nano, nyuzi nyembamba mno kuliko unywele. Tulikuwa tunayeyusha unga unaotokana na mbao mpaka uwe kama uji mwepesi, tunautia kwenye bomba la sindano, tunaupitishia umeme mkali. Umeme unauvuta uji kwenye ncha ya sindano, unageuka uzi usioonekana kwa macho na kujiviringisha kwenye pipa dogo linalozunguka. Baada ya saa kadhaa unabandua kitu kama tishu. Ukishakitia dawa, kinashika protini unayoitaka na kuziacha takataka zipite na maji. Mwisho unamwagia maji ya chumvi, protini inaachia.

Njia ya kawaida hutumia bomba lililojaa punje ndogondogo, na protini sharti ipenye polepole ndani ya kila punje. Kwenye kitambaa maji yanapita katikati ya nyuzi, kazi ya asubuhi nzima inakwisha kwa dakika chache. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini tulianza masika, na unyevu wa Dar hauna huruma. Nyuzi zilitoka na vifundo kama shanga, na vitambaa vikawa vinachanika vikilowa. Kila jaribio lilimaliza utomvu, na uliobaki ulipopoteza nguvu niliumwaga kwenye sinki.

Nikawa nampigia mama simu.

"Mama, naomba mwingine."

"Kiasi gani?"

"Mara mbili ya ule wa juzi."

"Haya, mwanangu."

Aliutuma kupitia jirani yake aliyekuwa anakuja sokoni Temeke, ndani ya boksi la barafu, umefungwa vizuri. Ilikwenda hivyo karibu miezi miwili, na siku zote hizo mie sikwenda Kimbiji.

Nilikwenda Jumapili moja. Mama alikuwa amepika wali na samaki wa nazi. Tuliketi mkekani, nikanawa, na nilipoinua macho nikaona anakula kwa kijiko. Tangu nizaliwe sijapata kumwona mama akila wali kwa kijiko.

"Mama, mbona kijiko?"

"Kula, chakula kinapoa."

Nikaushika mkono wake kabla hajauficha kwenye kanga. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka, nyekundu, na viwili vimepasuka karibu na kucha.

"Zile glovu nilizokutumia ziko wapi?"

"Kabatini. Zinanitoa jasho, wembe unateleza." Akauvuta mkono wake. "Si wewe mwenyewe uliniambia dawa hii inakula nyama? Basi, nyama ni nyama."

Hakusema kwa lawama. Mie ndiye niliyeshindwa kuendelea kula. Wageni wa maabara nilikuwa nawaeleza kila mara jinsi protini hii inavyozikatakata protini nyingine, hata michoro nilikuwa nayo. Lakini mikono inayougema utomvu niliitumia glovu tu, sikuifikiria tena.

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Tabibu akampa dawa ya kupaka na kumkataza kugusa utomvu mwezi mzima. Tukiwa njiani kurudi mama aliuliza jambo moja tu: "Sasa kazi yako itakuwaje?"

Nilimweleza Dokta, nikidhani ataulizia utomvu.

"Kosa ni letu sote wawili," akasema. "Tumempa mzee kazi ya maabara, hatukumfundisha kama tunavyowafundisha watu wa maabara."

Jumamosi akaja nami Kimbiji, ameshika kikapu cha viazi na maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Dokta akaomba radhi, akaeleza kwa nini. Mama aliona haya zaidi yake, akaanza kuulizia chai na kama barabara ilikuwa na matope.

Kuanzia hapo niligema mwenyewe kila Jumamosi, glovu juu ya glovu, nimevaa miwani, wembe nimeufunga kwenye ufito mrefu. Mama aliketi kizingitini akinisahihisha: "Usichanje ndani sana, utaliua tunda." Kule Chang'ombe fundi wa makabati alitutengenezea sanduku la mbao na kioo la kuifunika mashine, tukaweka ndani chembe za kukausha hewa. Nyuzi za kwanza zilizotoka mle zilikuwa laini, hazina kifundo hata kimoja.

Tulipopitisha utomvu kwenye kitambaa kile, kazi ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Kipimo kilionyesha mstari mmoja mnene wa protini, na kivuli cha mwingine chini yake. Kwa hiyo haikuwa safi kabisa. Tone moja tulilidondosha kwenye sahani ya jeli iliyochanganywa na maziwa ya ng'ombe. Lilitoboa duara angavu, maana yake protini ilikuwa bado hai na inafanya kazi. Kitambaa kilitumika mara nne, mara ya tano kikaanza kuchoka. Dokta akasema na hilo liandikwe.

Vidole vya mama vilipona, ila ukucha mmoja umeota na mikunjo. Kwenye ripoti Dokta aliliweka jina la mama katika shukrani. Mama akaniomba nimsomee. Alichotaka kujua ni kama jina la babake limeandikwa sawasawa. Lilikuwa limekosewa herufi moja, tukalirekebisha.