Watoto Ndani ya Sebule ya Baba Mkubwa

Mwezi wa nane mwaka huu nilikwenda Eldoret kumwona binti wa ndugu yangu, yule anayekaa mtaa wa Munyaka, na nikamkuta mtoto wake amefungiwa kizimbani. Sitanii. Kizimba cha plastiki cha rangi nyingi, katikati ya sebule, na ndani yake mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameketi mdomo wazi, akitazama televisheni ambamo ng'ombe wa katuni alikuwa akiimba kwa Kiingereza. Mimi nimekulia kati ya ng'ombe. Sijawahi kuona ng'ombe mjinga kama yule.

Nje ilikuwa ikinyesha ile mvua ya Agosti isiyo na haraka, na baridi ilikuwa imeingia hadi kwenye vijiko. Nikauliza mtoto amekaa hapo tangu lini.

"Tangu asubuhi, auntie," binti akasema bila aibu yoyote. "Sasa kwa hii baridi utamfanyia nini? Kutoka hawezi. Na nikizima TV anasumbua, anapanda makochi, anachafua."

Makochi yenyewe yalikuwa meupe, bado yamevaa plastiki ya dukani. Ukikaa yanalia. Nikayatazama, nikamtazama mtoto, na dharau ikanipanda. Dharau hiyo ni ya zamani. Niliijua kwanza nikiwa msichana mdogo kule Kaptagat, na iliniingia kwa sababu ya makochi vilevile. Keti nikueleze, maana wewe ni mtu wa kuelewa.

Sisi hatukuwa na mtoto mmoja wa kutuliza. Tulikuwa na kundi. Shule zikifungwa mwezi wa nane, akina mama wa boma letu na wa majirani walikwenda kuchimba viazi kwenye mashamba ya msituni, na watoto wote wa kutambaa na wa kuyumbayumba waliachwa jikoni kwa nyanya yangu, tuliyemwita Kogo kama wanavyoitwa nyanya wote wa kwetu. Mimi niliachwa naye kwa sababu nilikuwa na mgongo wa kubebea.

Jiko la Kogo lilikuwa la udongo na nyasi, mafiga katikati, kuni zikikauka juu kwenye dari ya fito. Lilinuka moshi, maziwa yaliyolala na watoto waliojikojolea. Hapakuwa na kitu hata kimoja humo kilichonunuliwa kwa ajili ya mtoto. Magunzi ya mahindi ndiyo yaliyokuwa ng'ombe, na ng'ombe hao walilala bomani, wakakamuliwa, wakapotea chini ya kitanda na kutafutwa kwa kilio cha kweli. Kibuyu kilichopasuka kilitiwa mahindi, kikazibwa, kikawa ngoma ya kutikisa. Tukimenya viazi, Kogo alibandika maganda mabichi kwenye mapaji ya nyuso zao, na watoto wakakaa wakitazamana kwa heshima kama wazee kwenye baraza mpaka ganda la mmoja lidondoke na wote waangue kicheko. Mimi kazi yangu ilikuwa gunia. Niliketisha wawili juu yake, nikawavuta kuzunguka mafiga mpaka kiuno kiniume, na nikisimama tu wanapiga kelele za kuendelea.

Na Kogo aliimba. Alikuwa na wimbo mmoja, wa ndama aliyekataa kunyonya, lakini kila siku ndama yule alikataa kwa sababu mpya. Leo maziwa yana baridi, kesho ameona nyuki, keshokutwa amekasirishwa na shangazi yake. Hata wale wasiojua kusema walisubiri sababu. Uliona macho yao yakisubiri.

"Mtoto hachezeshwi na kitu," Kogo alipenda kusema. "Anachezeshwa na mtu."

Sasa, hatua chache kutoka jiko hilo ilisimama nyumba ya mawe ya baba mkubwa, kaka ya baba yangu. Alifanya kazi ya ofisi mjini na alikuja nyumbani Jumamosi, amevaa kabuti. Nyumba ile ilikuwa na sebule. Ah, sebule. Sakafu ya mbao. Zulia. Makochi mekundu yenye vitambaa vilivyoshonwa maua, kila kitambaa kikiwa na pembe zake zimenyooshwa kama za bahasha. Ukutani palikuwa na meko ya mawe yenye bomba la moshi, kama yale ya nyumba za walowezi, kwa sababu baba mkubwa aliziona akazitamani. Kwa baridi ya Kaptagat, mtu mwenye akili angewasha moto humo kila siku. Yeye aliweka maua ya plastiki.

Na mlango wake ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa kabuti, kwa hiyo ulikwenda mjini Jumatatu na kurudi Jumamosi, siku ambayo mkewe aliruhusiwa kuingia na kupangusa vumbi, miguu mitupu, mumewe akiwa amesimama mlangoni akimwelekeza. Mama mkubwa hakuwahi kukaa kwenye makochi yale. Mumewe alisema ni ya wageni wakubwa. Katika utoto wangu wote niliona mgeni mkubwa mmoja tu, chifu, na chifu alikuwa na gambuti zenye tope, akatazama lile zulia, akaomba chai yake aletewe pale nje.

Kwa hiyo picha ndiyo hiyo. Chumba kikavu kimefungwa kwa ajili ya watu ambao hawaji, na kando yake watoto wa ukoo, akiwamo binti mchanga wa baba mkubwa mwenyewe, wamebanana kwenye jiko linalovuja. Nilikuwa mdogo, lakini niliona ujinga wake waziwazi, na sikuelewa kwa nini watu wazima walikuwa wakipita mbele ya kufuli lile wakinyamaza.

Siku ninayotaka kukusimulia ilianza kwa ukungu. Mchana mvua ya mawe ikashuka, si ile ya kuchezea, ile ya kulaza mahindi. Nyasi za paa zililemewa, maji yakaanza kudondoka kila mahali, na mengine yakaingia chini ya mlango na kufanya kijito hadi katikati ya jiko. Kogo akasogeza ngozi za kondoo karibu na moto. Watoto wakasogea nazo. Maji yakawafuata, wakasogea tena, mpaka pakawa hapana tena pa kusogea.

Ndugu yangu mdogo, baba yake huyu binti wa Munyaka, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alisimama apate kuyakimbia yale maji, mwenzake akamgusa bega, akaanguka mbele na kuweka kiganja chake chote juu ya makaa.

Sitakueleza sauti ile. Kogo alimnyakua na kutoka naye nje kwenye mvua, akamshikisha mkono ndani ya ndoo ya maji iliyojaa mawe ya barafu, akakaa hapo akipigwa kichwani na mvua, akimwimbia ule wimbo wa ndama. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imetoka.

Kisha Kogo akainuka. Akanikabidhi mtoto nimfunge mgongoni, mkono wake tukauviringisha kwa kitambaa safi chenye maji. Akachukua shoka la kupasulia kuni, akavuka ua polepole, maana magoti yalimsumbua, akasimama mbele ya mlango wa sebule. Alipiga kufuli kwa mgongo wa shoka. Halikukubali mara moja. Akapiga tena, na tena, mpaka komeo lenyewe likang'oka pamoja na kipande cha mbao.

"Walete," akaniambia.

Niliwahamisha chini ya gunia, wawili wawili. Kogo alikuwa ameshayatupa maua ya plastiki nje kwenye tope na alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, akipuliza. Bomba halikuwahi kutumika. Ndege walikuwa wamejenga ndani. Moshi ulirudi wote chumbani, tukakohoa, halafu kitu kikaporomoka humo, na moto ukashika na kuanza kunguruma kama moto wa watu.

Ningetaka ungeona mchana ule. Watoto waliokuwa wakitetemeka tangu asubuhi waligundua kwamba sakafu ya mbao ukiikanyaga inajibu. Wakaikanyaga. Wakapanda makochi na kushuka, wakapanda na kushuka. Mito ikawa pango, vitambaa vya maua vikawa vilemba, na binti wa baba mkubwa, ambaye hakuwa amewahi kuingia chumba kile cha baba yake, akalala usingizi juu ya zulia akikumbatia gunzi. Ndugu yangu alikuwa mapajani mwa Kogo, akihema kwa kwikwi, akiwatazama wengine.

Jioni akina mama walirudi wamelowa hadi mfupani. Waliona moshi kwenye lile bomba, wakaja mbio, halafu wakasimama mlangoni. Hawakuthubutu kuingia. Mama yangu alipoona mkono wa mtoto aliingia bila kuvua viatu. Mama mkubwa ndiye aliyebaki kizingitini, tope likimdondoka.

"Atasema nini?" akauliza.

"Atasema," Kogo akajibu. "Wewe ingia ukae."

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kochi, kama mtu anayekaa juu ya mayai. Baada ya muda nikaona mgongo wake ukiegemea nyuma. Akafumba macho.

Asubuhi yake trekta la maziwa lilimpeleka mama na mtoto hospitali ya misheni kule Plateau. Wakarudi mtoto akiwa na bandeji kubwa kuliko kichwa chake. Jumamosi baba mkubwa akafika.

Alisimama mlangoni na kabuti lake. Sisi sote tulikuwa humo ndani. Nilitazama macho yake yanaanzia wapi, na hilo sijalisahau. Yalianzia kwenye makochi. Yakaenda kwenye zulia, yakaenda kwenye meko, yakarudi kwenye mlango uliovunjika. Mtoto mwenye bandeji alikuwa katikati ya chumba, na macho yale yalimruka kama yanavyoruka kiti.

"Nani amefungua hapa?"

"Mimi," Kogo akasema.

"Mama, hivi viti nilinunua Nairobi."

Kogo akamshika ndugu yangu, akaunyanyua ule mkono. "Huyu ameungua."

"Nimesikia. Pole. Lakini watoto wako na mahali pao." Akasema tena, taratibu, kama anamweleza mtu mgumu wa kuelewa, "Hiki chumba ni cha wageni wakubwa."

"Mimi nimekuzaa," Kogo akasema. "Nitajie aliye mkubwa kuliko mimi, nimpishe."

Mtu mzima, mwenye kabuti na saa ya mkononi, alisimama pale akitafuta jina na hakulipata. Jumatatu alinunua kufuli jipya, kubwa kama ngumi, lakini alipolileta Jumamosi alikuta mama yake amehamishia ngozi zake na blanketi lake mbele ya meko. Kumfungia mama yako ndani huwezi, na kumtoa nje kwa baridi ile ukoo mzima ungekusema. Kufuli likabaki kwenye mfuko wa kabuti. Jumamosi zilizofuata hakuja kabisa. Alituma salamu kwamba kazi imekuwa nyingi.

Vidole viwili vya ndugu yangu vilipona vimejikunja, na vimebaki hivyo hadi leo anapokamata usukani. Lakini kila Agosti, mpaka Kogo alipofariki, watoto wa kilima kile walipitisha baridi kwenye sebule ya mawe, wakiikanyaga sakafu. Baada ya mazishi yake baba mkubwa alibadilisha vitambaa vya makochi, akatengeneza mlango, akafunga. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na nilikuwa sina shoka wala miaka ya Kogo. Alipokufa baba mkubwa mwenyewe, jeneza lake likawekwa humo, na majirani wakapita na tope lao juu ya zulia siku nzima bila mtu wa kuwazuia. Mashamba yaligawanywa. Nyumba ya mawe wameifanya ghala la mbegu za viazi. Pale palipokuwa jiko pamepandwa miti ya mbao.

Haya nilimweleza binti wa Munyaka, si kwa upole. Alinisikiliza akiwa na simu mkononi.

"Auntie, hiyo ilikuwa zamani," akasema. "Saa hii hata ukitaka, hao watoto wengine utawatoa wapi?"

Nilikuwa na jibu kali tayari. Kisha nikasikiliza. Kupitia ukuta mmoja nilisikia katuni ya jirani, kupitia ukuta wa pili katuni nyingine, na kila moja, nilijua, ilikuwa na mtoto wake mmoja mbele yake. Plot nzima ya nyumba za kupanga, imejaa watoto, na hakuna anayemjua mwenzake. Naweza kuwadharau akina mama wao, na ninawadharau, lakini Kogo aliwahi kuvunja kufuli kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu wa kuingiza.

Ilipofika alasiri mvua ikaacha. Nilisimama mlangoni nikatazama ua wa saruji uliojaa maji safi, tulivu, yale maji ambayo mtoto yeyote akiyaona lazima ayaingie. Nikangoja kidogo. Hakuna mlango uliofunguliwa.