Msimu Mama Aliposhika Plau

Nilifika kwa mama asubuhi, mtoto mgongoni, begi la nguo zake mkononi, na maneno niliyoyapanga njia nzima kwenye bodaboda kutoka Bariadi mjini. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jana yake. Nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi kwenye gesti moja Lamadi, kuanza Jumatatu, na mwenye gesti alishasema kwenye simu: uje, lakini mtoto umwache kwenu. Baba wa mtoto yuko machimboni, simu yake haipatikani tangu siku nilipomwambia nina mimba. Sikuwa na kazi nyingine wala dalili ya nyingine.

Wala sikwenda kuomba. Nilikwenda kukabidhi. Kwetu mtoto wa kwanza akishaacha ziwa anakwenda kwa bibi yake, hakuna anayeitisha kikao. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi, nyumba ya jirani na mama. Mama ana miaka arobaini na nane, watoto saba tumeshatoka wote, wa mwisho amekwenda Mwanza mwaka huu, na baba amehamia kwa mke mdogo Lagangabilili. Nyumba tupu. Nikajiambia mama atafurahi kupata wa kumchangamsha.

Nyumbani hakuwepo. Nikamkuta shambani, kashika plau.

Mama yangu nimemwona na jembe la mkono maisha yangu yote. Pamba ameipanda, ameipalilia, ameichuma, ameibeba kichwani. Lakini plau na ng'ombe ni vya wanaume. Nimekua hivyo, sijawahi kuona mkono wa mwanamke kwenye ile mipini. Na wale maksai wawili mbele yake sikuwajua.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka. Umekuja wakati mzuri. Shika kamba utangulie. Kibarua niliyemwita kafika, kaona mimi ndiye ninayeshika plau, kageuza."

"Mama, ng'ombe wa nani hawa?"

"Wangu."

"Umewatoa wapi?"

"Hela ya pamba yangu miaka yote hiyo ilikuwa inakwenda wapi? Mwaka huu imekuja hapa. Shika kamba."

Nikatua begi kando ya shamba, nikashika. Hasira imenifika shingoni, mtoto anarusha miguu, viatu vimejaa ule udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ugali. Nyuma yangu mama akawaambia ng'ombe neno moja la Kisukuma, kwa sauti nisiyoijua, si ya kubembeleza wala ya kufoka. Wakaenda. Tulipofika mwisho nikageuka kutazama. Mstari ulikuwa umenyooka toka mwanzo wa shamba mpaka miguuni kwangu. Baba hakuwahi kulima hivyo.

Jirani mmoja akapita na baiskeli, akafunga breki. "Mayu! Hiyo kazi itakuvunja kiuno!"

"Kiuno kilichotoa watoto saba? Pita uende, au shuka ushike na wewe tukuone."

Alikanyaga pedali, akaenda zake.

Mstari wa nne mama akasimama ghafla. Akavua kilemba, akachukua dumu la maji, akajimwagia kichwani lote, maji yakashuka mpaka kwenye kanga. Uso umemwiva. Nikaacha kamba nikamkimbilia.

"Una homa!"

"Sina homa. Ni joto tu, linapanda lenyewe. Huu mwaka wa pili. Mwanzoni nilipima malaria mara tatu, muuguzi akanicheka, akasema mama, hedhi inakata hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenifanyia nini? Ungekuja kunipepea?"

Miaka miwili nampigia simu kumweleza shida zangu, hata siku moja sikumuuliza yeye analalaje. Kwa sababu sikupenda kujisikia vile, nikalitoa lile jambo langu palepale, kwa ukali. Kazi, Jumatatu, mtoto, begi lile pale.

"Simchukui," mama akasema.

Nilidhani sijasikia.

"Mimi nimeanza kuzaa nina miaka kumi na saba. Toka hapo mgongo huu haujakaa mtupu. Mwaka huu nimeamka asubuhi moja, hakuna anayenililia. Nikakaa kitandani nikaogopa. Siku ya pili sikuogopa. Siku ya tatu nikaenda mnadani nikanunua ng'ombe."

"Kwa hiyo mwanangu afanyeje? Akose mtu?"

"Akose mtu kivipi? Si ana mama?"

Ilinichoma. Niseme ukweli, nilitaka kumtukana, na nilishajishika kiuno. Lakini alikuwa amesimama pale, amelowa, mvuke kidogo unatoka begani, ng'ombe wake wawili wanamsubiri wametulia, na nilimwangalia kama mtu niliyekuwa sijawahi kutambulishwa kwake. Huyu alikuwa wapi siku zote? Alikuwa ndani ya yule aliyekuwa anatupikia?

Nikatoa simu, nikampigia mwenye gesti nikiwa palepale kwenye tope. "Nakuja na mtoto," nikamwambia. "Kama haiwezekani niambie sasa hivi, nina shughuli."

Akauliza: "Analialia?"

"Ni mtoto. Analia."

"Haya mlete. Wiki moja, tuone."

Nilipomwambia mama hakunipongeza. Alifunga kilemba, akashika mipini, akanionyesha kamba kwa kidevu. Hasira ilikuwa haijaniisha na ninayo mpaka leo, maana wiki moja si jibu, na mgongo unaouma ni wangu. Lakini tulilima mpaka saa saba, na kila hatua chache nilikuwa nageuka nyuma kumtazama, siwezi kujizuia, mpaka akanifokea:

"Tazama mbele, wewe! Utawapindisha ng'ombe wangu!"