Kidole Shingoni

Hiki kisa hamtakiamini, maana hata mke wangu amekikataa. Pale chekechea ya msituni, nje kidogo ya mji wa Bergen, ambako watoto hucheza nje kutwa, yuko mwalimu mwenye mikono myekundu iliyopasuka kwa baridi. Mvua inyeshe isinyeshe, husimama mlangoni na kumtia kila mtoto kidole shingoni kwa nyuma. Shingo ikiwa na joto, husema, "Haya, nje." Ikiwa baridi, humvisha upya. Hapandishi sauti kamwe. Jumatatu mpwa wangu Sunniva alinikumbatia mguu akilia, siku ya tatu hiyo, na mama yake alishaapa kwamba akilia tena anamwachisha chekechea. "Leo mwache ndani, Mwalimu," nikamsihi, "mvua inamliza." Akapitisha kidole. "Si mvua, Mjomba. Nani kamvisha fulana ya pamba? Inalowa jasho, inamganda na kumtia baridi." Nikatazama dari, maana ni mimi niliyemvisha. Mwalimu akamvisha ya sufu, akatoka peke yake, akaketi dimbwini na kuanza kuchimba mfereji kwa mikono. Hakumwita mtoto, hakugeuka. Sunniva akamtazama, akamtazama, hata uvumilivu ukamwisha. "Unachimba vibaya!" akapiga kelele, akatoka mbio. Jioni alikataa kurudi nyumbani. Basi nikawa nawasimulia wazazi pale getini: "Mwalimu kakaa dimbwini, maji yamemfika kidevuni, na ule mfereji ukasomba kondoo watatu wa—"

Kidole cha baridi kikanigusa shingoni.

"Yalinilowesha makalio tu, Mjomba. Na wewe pia umevaa pamba."