Mtambo Mmoja, Makarani Wanne

Juzi nilikwenda ofisi moja huku Temeke kufuatilia leseni ya duka, nikakuta fundi anawafungia makarani mtambo mpya. Kompyuta yenyewe ilikuwa ile ile moja, imefungiwa chumba cha ndani chenye kiyoyozi, ila kila karani kawekewa skrini na kibodi mezani kwake. Zamani walikuwa wakiipokezana kwa zamu, nasi wateja tukizeeka kwenye benchi.

"Sasa mtafanya kazi wote kwa pamoja," fundi alisema. "Mashine ni hiyo hiyo moja, lakini kila mmoja atajiona kama yuko nayo peke yake."

Karani mmoja, mama wa makamo mwenye kanga begani, akaangua kicheko. "Huyo mbona sie tunamjua! Ana nyumba ngapi?"

"Nne, mama," fundi akajibu, akizionesha meza.

"Basi hajavunja sheria."

Kazi ikaanza. Kila karani aliinamia skrini yake, hakuna aliyemtazama mwenzake, na foleni kwa kweli ikasogea. Nilipofika mbele ya yule mama, skrini zote nne zikaganda kwa mpigo mmoja. Fundi akakimbilia chumba cha ndani. Makarani wakainua vichwa, wakatazamana.

Mama akaivuta kanga, akajitanda kichwani, akashika tama.

"Haya, wenzangu," alisema. "Ndiyo tumekuja kujuana msibani."

Nikamuuliza leseni yangu niifuate lini.

"Eda ikiisha," akanijibu.