Lango la Bryn Golau

Kwetu Llanerfyn mtu husamehewa mengi. Ukilewa Jumamosi, Jumapili utapewa kitabu cha nyimbo kama wenzako. Lakini ukiacha lango la shamba wazi, kondoo wa huku wakachanganyika na wa kule, utakumbushwa mpaka siku ya mazishi yako. Na hakuna aliyekuwa mkali wa lango kama Eluned Pugh wa Bryn Golau. Miaka thelathini nimempelekea vumbi la makaa ya mawe kwa lori langu, na miaka yote hiyo alinipokea kwa neno moja kabla ya salamu: "Wil, lango!"

Mimi ndiye Wil wa Makaa. Kijijini petu akina Wil ni wengi, kwa hiyo kila mmoja hubebeshwa kazi yake. Wenye mashamba, wao huitwa kwa jina la nyumba. Huyu hakuwa Eluned Pugh midomoni mwa watu, alikuwa Eluned Bryn Golau, kama baba yake na babu yake. Ukihama, jina hulichukui. Humbakia atakayeingia.

Hakuolewa, na si kwamba hakutakwa. Mimi mwenyewe, kabla sijaoa, niliwahi kulifikiria jambo hilo wiki nzima, nikaliogopa lile lango. Alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza ni moto wake. Vumbi nililomletea alilikanda kwa udongo, akafinyanga madonge kwa mikono, jioni akaufukia moto nayo, na asubuhi akautoboa kwa chuma ukapumua tena. Moto huo haukuwahi kuzimika maishani mwake, wala mwa baba yake, wala mwa babu yake. La pili ni vitabu vya kanisa. Llanerfyn nzima sisi ni Wamethodisti. Akina Pugh peke yao walikuwa Waanglikana, wameketi benchi la mbele katika lile kanisa baridi, wao na kasisi na jamaa za mwenye ardhi tunayoikodi sote. Kwa nini, hakuna aliyejua. Waliojua walikuwa wamekwisha kufa.

Kasisi alikuwa na makanisa manne ya kuzungukia, akamwachia Eluned ufunguo wa sanduku la chuma lenye vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Watu walikuja kutoka Amerika na Australia kutafuta mababu. Eluned aliwapa chai, akavaa miwani, akawafufulia ukoo mzima kabla kikombe hakijapoa. Sheria yake ilikuwa moja. Siku moja alimsomea mwalimu mkuu mmoja kwamba bibi yake alizaliwa bila baba wa kuandikwa, na mwalimu yule akawa mwekundu kama nyanya. "Kitabu hakina aibu, bwana," Eluned akamwambia. "Kimeandika, nasoma. Kunywa chai yako."

Basi Mei ya mwaka 1965 akaja Virgilio Rowlands, mzee wa miaka sabini na mitatu, kutoka Patagonia kule Argentina, walikohamia watu wetu wa zamani ili wasali na kugombana kwa lugha yao, si Kiingereza, bila kuulizwa. Kiingereza hakujua hata neno, na alituambia kwamba bandarini Liverpool alishinda na njaa siku nzima. Lakini lugha yetu alikuwa nayo, tena ile ya babu zetu, maneno ambayo mimi nimeyasikia kwenye Biblia tu. Alilala kwangu, kwa kuwa mke wangu alikuwa na chumba kitupu na masikio yenye njaa ya habari.

Alitaka mambo mawili. Bibi yake, Marged, ndiye aliyemlea. Marged na mumewe walifukuzwa katika shamba lao, Hafod Wen, mwaka 1869. Zama hizo kura ilitamkwa kwa sauti mbele ya wakala wa mwenye ardhi, na mume akataja jina lisilopendwa. Mwisho wa Septemba, siku mikataba ya kukodi inapokwisha, wakatolewa nje na mtoto mchanga, Sara. Mtoto akafa. Miaka mitano baadaye wakapanda meli. Virgilio alikuwa na karatasi iliyonakiliwa kutoka orodha ya abiria: "Rowlands, mkulima, zamani wa Hafod Wen."

"Nataka kuona alikozikwa Sara," aliniambia, huku akinywa kwa mrija chai yake ya majani machungu. "Na nataka kuketi mbele ya moto wa Hafod Wen. Siku ya kutolewa, bibi aliufukia kwanza ndipo akatoka. Alisema moto haujamkosea mtu, na atakayeingia asikute baridi. Nilimwahidi nitakuja kuuota."

"Mzee, Hafod Wen sijapata kuisikia, na hapa ndipo nilipozaliwa," nikamwambia. "Lakini yupo mama mmoja atakayekufukulia."

Nikampeleka kanisani. Eluned alimpata Sara upesi.

"Sara Rowlands. Miezi mitano. Novemba 1869. Makazi..."

"Soma, dada," akasema Virgilio.

"Makazi: tanuri la chokaa."

Pale ndipo huandikwa jina la nyumba. Lile tanuri la kando ya mto lilikuwa likiwashwa kiangazi tu, na Novemba lilikuwa mawe na upepo. Virgilio akavua kofia, akaishika kifuani. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la akina Pugh kwa utani, nikajikuta nimesimama.

"Na Hafod Wen?" akauliza.

Eluned akafunua kurasa kwa kidole. Kidole kikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kisha akafunga kitabu. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akifunga kitabu kabla mgeni hajachungulia.

"Ni kule juu," akasema. "Gofu lile la mlimani."

Alichokisoma nilikuja kukijua baadaye. Mwaka 1872, maziko ya mama yake Morgan Pugh, na huyo Morgan ni baba wa babu yake Eluned. Makazi: Bryn Golau, zamani Hafod Wen. Mstari mmoja tu, ambao hakuwahi kuwa na sababu ya kuutafuta, ulimfungulia yote. Wamethodisti waliwatenga akina Pugh kwa kuwa Morgan aliingia shamba la jirani aliyefukuzwa, jambo ambalo kwetu hata leo ukimtajia mtu ni ngumi. Ndiyo sababu ya benchi la mbele. Na Morgan akalibadili jina la nyumba, ili watu wasahau. Watu wakasahau kweli.

Nikawapandisha kwa lori mpaka barabara ilipoishia, tukamalizia kwa miguu. Gofu lile nililijua. Lilikuwa zizi la nguruwe. Baba yangu alifuga humo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapelekea maganda ya viazi. Nikafungua mdomo, nikakutana na macho ya Eluned. Sijapata kuombwa kitu kwa macho namna ile.

"Wil," Virgilio akaniuliza, "wewe umezaliwa hapa. Ndiyo hii?"

"Ndiyo," nikasema. Ulimi hauna mfupa. Niliona haya palepale, na ninaona haya ninapoandika.

"Moto ulikuwa upande gani?"

Eluned akaonyesha kona. Kona hiyo ndipo lilipokuwa hori la kulishia. Mzee akaketi pale juu ya nyasi, kofia magotini, kama robo saa. Sisi tulisimama tukitazama viatu vyetu.

"Na mlango ulielekea wapi?"

"Upande ule," Eluned akasema, akinyoosha mkono kuelekea mlimani, maana ndiko kulikokuwa na pengo ukutani.

Virgilio akatazama huko, akatikisa kichwa polepole. Akachomoa ukutani jiwe moja, kubwa kama mkate, akalitia kwenye begi lake. "Asante, dada," akamwambia. "Umejisumbua sana kwa ajili yangu."

Akakaa kwetu siku tatu zaidi. Kila asubuhi, baada ya chai, alitoka kutembea, na kila asubuhi alishika njia ya Bryn Golau. Nilipita na lori siku ya pili, nikamkuta amesimama mbele ya lango la Eluned, kofia mkononi.

"Unatazama nini, mzee?"

"Moshi," akasema. "Moshi mzuri. Makaa ya udongo haya."

"Ni yangu hayo," nikajigamba, mpumbavu mimi, nikaenda zangu.

Eluned alimwona kutoka dirisha la jikoni siku zote tatu. Siku ya tatu alitoka. Wakasalimiana lango likiwa katikati. Wakaulizana hali ya hewa. Mzee akasema mvua haitachelewa, Eluned akasema kweli, haitachelewa. Mzee akangoja kidogo. Kisha akavaa kofia, akaenda kupanda basi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Eluned alikonda. Alirudisha ufunguo wa sanduku kwa kasisi, akisingizia macho. Mgeni mmoja alikuja kutoka Australia na majina ya watu kumi na wawili, akaondoka nayo kama alivyokuja nayo. Nikishusha magunia, Eluned alisimama mlangoni ananitazama tu.

"Wil, wewe unalala?"

"Kidogo kidogo."

"Unawaona wale nguruwe?"

"Nawaona," nikamwambia. "Na wananicheka."

Hakucheka. Mimi pia sikuwa na kicheko, nilitaka tu lile neno lipite.

Februari akaniita jikoni. Mezani palikuwa na barua. Kila kitu kilikuwemo: Morgan, jina la nyumba, zizi, hori, kitabu alichokifunga. "Nyumba yenu ndiyo hii ninamoandikia," alikuwa ameandika. "Moto wa bibi yako uko nyuma ya mgongo wangu sasa hivi."

"Tia sahihi hapo chini," akaniambia. "Wewe ulisema ndiyo."

"Eluned, ya nini? Mzee wa watu ameridhika, jiwe lake analo. Unataka kumwambia alikalia mavi ya nguruwe?"

"Nataka kumwambia mimi ndiye niliyemkalisha."

"Na Morgan Pugh wako, mwenye kibao chake kanisani?"

"Morgan alichukua nyumba, Wil. Yeye angalau alikuwa na watoto wa kulisha. Mimi nilimnyima nini? Kiti. Saa moja ya kiti. Neno 'karibu' lilifika hapa," akajishika koo, "nikalimeza. Tia sahihi."

Nikaandika William Thomas. Kisha nikaona Virgilio hatamjua huyo ni nani, nikaongeza: wa Makaa.

Jibu lilikuja Juni. Halikutoka kwa mzee. Lilitoka kwa binti yake, Nélida. Eluned alingoja nimalize kushusha magunia, akaniketisha, akalisoma kwa sauti ileile aliyowasomea wageni.

"Mama Eluned, salamu. Baba alifariki mwezi wa Machi, siku sita kabla ya barua yako kufika. Usisikitike kwamba hakuisoma, kwa maana yaliyomo aliyajua. Bibi Marged alimfundisha tangu mdogo: ukisimama mlangoni Hafod Wen unaona mnara wa kanisa na kona ya mto. Kule juu mlikompeleka, alisema, hakuonekani kitu ila mlima. Alipokuja kusimama langoni kwako aliona mnara, akaona kona ya mto, akaona moshi. Alituambia: nyumba ipo, na moto wa bibi haujazimika. Mwenye nyumba ni mama mwema aliyeshikwa na aibu ambayo si yake. Nilipita mara tatu ili nimrahisishie kusema karibu.

"Jiwe lile tunazuilia mlango wa banda la kuku. Baba alikuwa akicheka kila akilipita, akasema huyo Wil kudanganya hajui, masikio yake yaliwaka.

"Nakuandikia jambo moja zaidi, kwa kuwa naona wewe ni mtu wa kupenda kujua yote. Siku zake za mwisho aliuliza mara mbili kama kuna barua kutoka Llanerfyn."

Eluned akakunja barua, akaipigapiga mezani ikae sawa. Mimi niliutazama moto, maana sikuwa na pengine pa kutazama. Siku sita. Tulikuwa tumekaa na mdomo umefungwa miezi tisa, halafu siku sita. Nilitaka kumwambia hakuna aliyejua mzee anaumwa. Lakini mzee alipokuwa langoni alikuwa mzima, na hilo tulilijua sote wawili.

Akainuka, akatoka na aproni yake. Nikamfuata. Akashuka mpaka langoni, lango ambalo mimi, kwa woga wa miaka thelathini, nilikuwa nimelifunga vizuri. Akalifungua mpaka mwisho, akasukumia jiwe kwa mguu lisirudi.

"Eluned! Kondoo!"

"Waache waingie."

Huu ni mwaka wa pili. Kondoo wa majirani wamemaliza kabichi zake, na wake wamekutwa mpaka darajani. Watu wamelalamika kwake, kwangu, kwa kasisi. Kila anayekuja kugomba huketishwa mbele ya moto, hupewa chai, na husomewa habari za Hafod Wen mwanzo hadi mwisho, pamoja na zizi, na wengi huondoka wamesahau kondoo. Nélida ameandika kwamba huenda atakuja, mwaka huu au mwingine, nauli ikipatikana.

Nami bado napeleka vumbi kila mwezi. Nikisha kuingiza lori, mkono wangu kwa mazoea hulishika lango kulifunga.

"Wil," ananiita kutoka jikoni. "Lango."

Ninaliachia.